Barua ya wazi kwa wanaosimamia elimu ya udaktari: kompyuta mmetuletea, masomo tuyatunge wenyewe

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri wa Afya. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Baraza la Madaktari Tanganyika. Na wakuu wa vyuo vyote vinavyofundisha shahada ya udaktari nchini.

Waheshimiwa,

Salaam. Ninafanya kazi katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Nimeajiriwa kutibu, lakini vyuo hutuletea wanafunzi wa udaktari kwa zamu, na madaktari tarajali tunao mwaka mzima. Kwa hiyo natibu na kufundisha kwa wakati mmoja, nikiwa nimesimama. Ninawaandikia kuhusu masomo ya kompyuta kwa sababu mipango inapangwa na zabuni zinatangazwa, na kila nikisoma maelezo yake naona orodha ya vifaa: kompyuta za mezani, projekta, ubao wa kugusa, meza ya anatomia ya kidijitali, leseni za mifumo. Bado sijakutana na mstari unaosema kwamba daktari fulani na muuguzi fulani watapunguziwa zamu na kulipwa ili watunge masomo yatakayowekwa humo ndani.

Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili msilitafute mpaka mwisho wa barua. Fedha za masomo ya kompyuta katika udaktari ziende kwanza kwa watu watakaoyatunga hapa hapa nchini, kutokana na wagonjwa wetu, na kila chuo kiyatumie bure. Vifaa vifuate baadaye.

Mnajua wanafunzi wanasoma nini sasa? Desa, yaani muhtasari wa kukariria mtihani. Desa la mwaka juzi limepigwa picha kwa simu, likageuzwa PDF, likatupwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. CR, kiongozi wa darasa, akipata jipya anaongeza. Juu yake kuna video za YouTube za walimu wa India na Marekani. Nyingine ni nzuri kweli, hata mimi huzitazama nikitaka kujikumbusha mambo ya figo. Kuna vitabu vizito ambavyo hakuna anayeuliza vimepatikanaje. Na sasa imekuja akili unde: mwanafunzi anaandika dalili za mgonjwa wa kitanda namba tisa, na kabla raundi haijafika kwenye kitanda hicho ameshapewa orodha ya magonjwa kumi, yote yameandikwa kwa kujiamini sawasawa. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tunakwenda kuanzisha ujifunzaji wa kidijitali. Umeshaanza siku nyingi, umeanza bila sisi, na unalipiwa na bando la mwanafunzi mwenyewe, linalotoka kwenye bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, linalochelewa.

Mambo ya kusoma, kwa kweli, si haba. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa HINARI unaowapa vyuo vya nchi kama yetu majarida ya kitabibu bure au kwa bei ndogo. Anayetaka kusoma makala atasoma. Kinachokosekana ni mazoezi ya kufikiri juu ya mgonjwa anayefanana na yule tutakayemkuta wodini.

Nyenzo wanazotumia zimetungwa kwa mgonjwa mwingine, katika hospitali nyingine. Chukueni ngozi. Video inaonyesha wekundu wa uvimbe kwenye mkono wa mtu mweupe. Mwanafunzi akija wodini anautafuta wekundu ule ule kwenye mguu wa mkulima wa Magu, hauoni, anaandika kwamba mguu hauna shida. Kumbe angetazama ngozi iliyovimba, inayong'aa na kuwa nyeusi kuliko ya mguu wa pili, kisha aweke mgongo wa kiganja chake pale ahisi joto. Manjano anaitafuta usoni wakati ipo kwenye weupe wa jicho. Ukosefu wa oksijeni anautafuta kwenye kucha wakati ulimi ungemwambia mapema zaidi. Hata wenye nyenzo zao wameliona pengo hili. Mwaka 2020 Malone Mukwende, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari pale chuo cha St George's, London, alishirikiana na walimu wake wawili kutoa kijitabu cha bure mtandaoni chenye picha za dalili kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, kwa sababu darasani alikuwa hazioni.

Sasa mfikirie: London inatafuta picha za ngozi nyeusi, na sisi pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992 tuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Kama kuna mahali ambapo dunia ilipaswa kuchota picha hizo, ni Moshi. Pale Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza 2015, inapokea vijana ambao vali zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa ambao mwanafunzi wa Ulaya anaweza kumaliza chuo bila kuusikia kifuani kwa mtu. Sauti zile za moyo zingerekodiwa, zikapangwa, zikawekewa maelezo, mwanafunzi wa Mbeya angezisikiliza kwenye simu mara hamsini kabla hajaweka stetoskopu kwa mgonjwa wake wa kwanza. Selimundu tunayo kwa wingi kuliko karibu nchi zote duniani. Kichocho tunacho Ziwa na Unguja. Utajiri wa kufundishia tunao, mwingine wa kusikitisha, na tunaagiza masomo nje.

Nieleze kwa mfano mmoja kitu ninachokitaka kiwe kwenye simu ya mwanafunzi.

Saa nane usiku. Mama ameingia na mtoto mgongoni, kilo 12, homa siku ya tatu. Unasikia sauti yake: "Daktari, ameanza kustuka tangu jioni, macho yamegeukia juu, sasa hata hanijui." Walianzia kwa mganga mmoja kijijini, lakini hilo halisemi mpaka umuulize, na ukimuuliza kwa ukali halisemi kabisa. Chuo kinafundisha kwa Kiingereza, mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili, na huku kwetu mara nyingi kwa Kisukuma, kwa hiyo mama wa kwenye kisa hiki hazungumzi lugha ya kitabu. Mtoto bado anatikisika. Saa iliyo kwenye kona ya kioo inahesabu dakika. Programu haikuwekei majibu manne uchague. Inakuuliza tu, unafanya nini?

Mwanafunzi anayeandika kwamba anataka CT-skani ya kichwa anajibiwa kuwa mashine iko Mwanza, mwendo wa saa nne kwa gari, na gari la wagonjwa limetoka na mjamzito. Anayeagiza kipimo cha sukari anajibiwa kwamba vijiti vya kupimia vimeisha tangu Jumatatu. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Kitabu kilichoandikwa Boston hakina vijiti vilivyoisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unalo jibu: ukishindwa kupima, mchukulie kama sukari yake imeshuka, mpe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, yaani mililita 60 kwa mtoto huyu. Kabla ya hayo umemlaza ubavu, umesafisha njia ya hewa, umemwekea oksijeni kama umeme upo. Umempa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, kwa njia ya haja kubwa, miligramu 6. Umepima malaria kwa kipimo cha haraka, imeonekana. Sasa sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali: miligramu 3 kwa kila kilo, kwa kuwa yuko chini ya kilo 20, jumla miligramu 36. Programu inauliza swali moja dogo: kichupa ni cha miligramu 60, umekichanganya kikawa mililita 6, je, unavuta ngapi kwenye bomba?

Mililita 3.6. Nimewaona wahitimu wazuri, wenye A za famakolojia, wakikwama hapo hapo, saa hiyo hiyo ya usiku, mtoto akiwa mbele yao. Miaka mitano walikuwa wakiombwa kuitaja dawa; kuivuta hawakuwahi kuombwa.

Kisa hakiishii kwenye sindano. Saa kumi na moja alfajiri mtoto amelala kimya. Amepumzika, au sukari imeshuka tena? Mwanafunzi akimwacha alale, programu inasogea hadi asubuhi bila kumsemesha, na raundi ndiyo inayomwambia kilichotokea. Akiamka kumwangalia, kuna kazi nyingine mbili tatu za kufanya, na ya mwisho ni kumweleza mama. Maneno yake anayaandika mwenyewe, na mwalimu anayasoma kesho yake.

Aibu ni kwamba ushahidi wa artesuneti kuwa bora kuliko kwinini kwa watoto wa Afrika ulitoka kwa watoto wetu wenyewe. Utafiti uliochapishwa 2010, wenye watoto zaidi ya 5,400 katika nchi tisa za bara hili, Tanzania ikiwemo, ulionyesha vifo vikipungua kwa zaidi ya moja ya tano. Damu ilipimwa hapa, majibu yakaandikwa, kisha mwanafunzi wetu akaja kuyajua kwa mara ya kwanza kwenye video ya mtu ambaye hajawahi kuona degedege.

Kisa kama hicho hakihitaji maabara ya kompyuta wala picha za pande tatu. Kinahitaji daktari wa watoto aliyekesha wodini, muuguzi anayejua ni kitu gani huisha stoo, kijana wa kuandika programu, na mtu mmoja mbishi wa kuuliza, "Mama angesema hivyo kweli?" Wakipewa muda, watu hao wanne wanakitunga, wanakijaribu kwa wanafunzi wachache, wanakirekebisha. Baada ya hapo kinatumika nchi nzima kwa miaka, na mwongozo wa matibabu ukibadilika unabadilisha mistari michache.

Jambo lenyewe wala si geni. Katikati ya miaka ya 1960, kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Maryann Bitzer, muuguzi kwa taaluma, alitumia kompyuta iliyoitwa PLATO kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi kumhudumia mgonjwa wa moyo ambaye hakuwepo. Mwanafunzi alimuuliza maswali, akampa huduma, akaona matokeo. Mashine ile isingefua dafu mbele ya simu ya bei rahisi kabisa inayouzwa Kariakoo leo. Alichokuwa nacho Bitzer ni kumjua mgonjwa, na nafasi ya kukaa akaandika anachokijua.

Sitaki kutia chumvi. Mwaka 2008 David Cook wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, na wenzake walikusanya tafiti zipatazo mia mbili za ufundishaji kwa intaneti katika fani za afya. Walikuta kwamba ukilinganisha na kutofundishwa kabisa, faida ni kubwa. Ukilinganisha na ufundishaji wa kawaida, tofauti ni ndogo, mara inaegemea huku, mara kule. Wasiopenda masomo ya kompyuta huinukuu nusu ya pili na kuuliza, sasa kuna haja gani ya gharama? Mimi naisoma nusu ya kwanza, kwa sababu najua wodini kwangu kuna nini.

Ufundishaji wa kawaida wanaoulinganisha wenzetu ni mwalimu, wanafunzi sita na kitanda kimoja. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam, ambayo leo ndiyo chuo kikuu cha Muhimbili, MUHAS, ilianza 1963, na kwa miaka mingi ilikuwa peke yake. Vyuo vya KCMC na Kairuki vikaja 1997, Bugando 2003, kisha Dodoma, Ifakara na kwingineko. Ni jambo jema, madaktari tunawahitaji. Ila mabingwa na vitanda havikuzaana kwa kasi hiyo. Raundi yangu ya Jumatatu inajaza nafasi yote kati ya vitanda. Wa nyuma haoni mgonjwa, anaona mgongo wa mwenzake. Mgonjwa ambaye tumbo lake limeshabonyezwa na watu wanane anageukia ukutani, na ana haki. Nikiitwa chumba cha upasuaji raundi imeisha, wanafunzi wanakaa kwenye benchi la nje na simu zao mpaka saa saba. Kwa saa hizo kipimo si somo zuri la mwalimu dhidi ya kompyuta. Hakuna somo. Kitu chochote kilichotungwa vizuri wakafanye pale benchini ni faida tupu.

Tena tuna ushahidi wa nyumbani juu ya namna ya kukitumia. Hospitali ya Haydom, Manyara, wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Matokeo yalichapishwa 2013: kwenye mdoli walifanya vizuri zaidi, lakini kwa watoto halisi utendaji haukubadilika. Badala ya kuandika ripoti na kuondoka, wakabadili mtindo. Mazoezi yakawa mafupi, ya mara kwa mara, pale pale karibu na chumba cha kujifungulia, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka. Kazi ile ikakua. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya mpango wa Safer Births katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, wenye vidoli vinavyomwonyesha mkunga papo hapo amekosea wapi, na kipima mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kilichopewa jina la Moyo: vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 18. Semina ya siku tatu yenye posho na cheti tumeizoea, naipenda kama mtu mwingine yeyote. Lakini kilichookoa watoto ni dakika chache za mazoezi, tena na tena, na hicho ndicho kitu ambacho simu inaweza kumpa mwanafunzi wa udaktari kila siku.

Suala la intaneti nalipitia haraka kwa sababu limeshajibiwa. Masomo haya lazima yafanye kazi bila mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na nchi ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kubahatisha. Aliyekuwa amehifadhi masomo kwenye seva ya Ulaya hakuwa na masomo. Kompyuta ndogo inayoenea kiganjani inaweza kubeba maktaba nzima ya visa, video na miongozo, ikaigawa kwa Wi-Fi ndani ya wodi bila senti ya bando. Wapo wanaosambaza Wikipedia ya kitabibu hivyo hivyo. Iwekwe moja kila hospitali inayopokea wanafunzi, na mtu mmoja mwenye jina apewe kazi ya kuisasisha. Nasisitiza mwenye jina, kwa sababu nakifahamu chuo kimoja chenye chumba cha kompyuta nzuri za msaada, zimefunikwa vitambaa, na ufunguo anao mtu aliyehamishwa.

Suala gumu ni muda wa mwalimu, na hapo ndipo nawaomba mkae. Mhadhiri wa tiba hapa kwetu ana wagonjwa, ana wanafunzi, ana kliniki ya jioni inayomsaidia kulipa ada za watoto. Mizani ya kupanda cheo inaegemea makala za majarida. Akitumia miezi mitatu kutunga visa ishirini vitakavyofundisha vijana elfu moja, siku ya kupimwa ataonekana hakufanya kitu. Sioni kwa nini afanye. Tume ya Vyuo Vikuu na vyuo vyenyewe mnaweza kulimaliza hili kwa waraka: kisa cha kufundishia kilichopitiwa na wenzake, kikajaribiwa, kikawekwa wazi kwa vyuo vyote, kihesabiwe sawa na makala. Jina lake liandikwe juu yake. Naye daktari wa hospitali ya mkoa anayefundisha bila kuwa mwajiriwa wa chuo apewe saa zake kwenye ratiba ya zamu, isiwe kazi ya Jumapili.

Wenzetu Kenya walionyesha mapema kwamba masomo yakiandaliwa kwa ajili ya watu walipo, watu husoma. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture walianzisha masomo ya kompyuta ya kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti kwenda stashahada, wakiwalenga wauguzi wapatao 22,000, bila kuwaondoa vituoni. Sisi nasi hatuanzi sifuri. Chuo cha KCMC, kupitia MEPI, mpango wa Marekani wa kusaidia elimu ya udaktari wa 2010 hadi 2015, na kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha huko, kilijenga mfumo wa kuhifadhi masomo na kufanyia mitihani kwa kompyuta. Muhimbili, KCMC na Bugando wameshakaa meza moja kuoanisha mtaala wa MD, shahada ya udaktari. Kama mtaala umeoanishwa, hakuna sababu ya kila chuo kutunga peke yake kisa chake cha kifafa cha mimba, vyote vitatu vikiwa nusu nusu.

Mtihani nao uguswe. Mwanafunzi husoma kile kinachoulizwa. UE, mtihani wa mwisho wa chuo, ikiendelea kuuliza "taja sababu tano za", desa litashinda kisa chochote tutakachotunga, hata kiwe kizuri namna gani. Baraza la Madaktari linaposimamia mitihani yake kabla ya mtu kupewa leseni, lina uwezo wa kugeuza usomaji wa nchi nzima kwa msimu mmoja: liweke visa vyenye vijiti vilivyoisha na gari lililotoka.

Kuna hofu nasikia ikisemwa na wakubwa zangu, kwamba kijana atakaa na simu asimguse mgonjwa. Ni hofu ya kweli, nami ninayo. Ndiyo maana kila kisa kinapaswa kumalizika kwa kumrudisha kitandani: nenda kamtafute mtoto mwenye homa, hesabu pumzi zake dakika nzima, mwambie muuguzi umepata ngapi. Kompyuta haitamfundisha mtu kushika mkono wa mama aliyefiwa, na mfumo unaodai kufanya hivyo msiununue.

Jambo la mwisho zito ni la mgonjwa mwenyewe. Leo wanafunzi hupiga picha za vidonda na eksirei kwa simu na kuzituma kwenye makundi, jina la mgonjwa likionekana pembeni. Tunalijua, tunanyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni za kulindwa kwa namna ya pekee. Maktaba ya kitaifa ya visa ingetupa njia halali: fomu ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi, picha isiyoonyesha sura pale isipohitajika, haki ya mgonjwa kusema iondolewe, na mtu wa kuwajibika. Picha za mwili mzima wa binadamu ambazo zimelisha programu nyingi za anatomia duniani, zilizotolewa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani mwaka 1994, zilitokana na mwili wa mfungwa aliyeuawa kwa sindano ya sumu Texas, kwa hukumu ya kifo, mwaka uliotangulia. Alikubali kuutoa mwili wake kwa sayansi; ulikatwa vipande zaidi ya 1,800, kila kimoja milimita moja, kila kimoja kikapigwa picha. Wengi waliojifunza moyo na ini kupitia kwake hawajui hata kwamba alikuwepo. Mgonjwa wa hospitali ya Sekou Toure au Temeke anayekubali kifua chake kisikilizwe na vijana wa miaka kumi ijayo anastahili kuambiwa hivyo kabla, kwa maneno anayoyaelewa, na akikataa matibabu yake yasibadilike hata kidogo.

Fedha zipo. Mradi wa HEET wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2021 kwa dola milioni 425, unajenga vyuo vikuu vyetu, na Muhimbili imepata kampasi mpya Kigoma kupitia huo. Sina ugomvi na majengo. Nasema tu kwamba bei ya meza moja ya anatomia ya kidijitali, ile inayotembelewa na wageni siku ya ufunguzi, inaweza kuwaweka watungaji kadhaa kazini kwa muda mrefu. Na matabibu wa ngazi ya stashahada, ambao ndio mgonjwa wa kijijini hukutana nao kwanza, wangetumia visa hivyo hivyo bila kuongezewa gharama ya maana.

Msianzishe taasisi mpya kwa ajili ya hili, wala kamati ya kuandaa rasimu ya mwongozo wa kamati. Vyuo vitatu vilivyooanisha mtaala vipewe jukumu, kimoja kitunze maktaba kwa miaka mitatu kisha kingine kipokee, wizara zote mbili zitie fedha za watungaji kwenye bajeti ijayo, na waraka wa kupandisha vyeo utoke kabla ya mwaka mpya wa masomo. Waanze na magonjwa yanayotuulia watu usiku: degedege, mtoto asiyepumua, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, nimonia, ajali ya bodaboda. Mimi na wenzangu wawili wa wodi ya watoto tuko tayari kwa kisa cha kwanza. Tunachoomba ni asubuhi mbili kwa wiki zisizo na zamu, na barua ya mganga mfawidhi inayoziruhusu.

Wenu katika kazi,

Daktari mfundishaji,
Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa